Mnamshuhudiaje Gathogo?

Gathogo alikufa kitandani, na hilo ndilo lililowaudhi watu wa Ruiru kuliko yote. Alikufa kwa homa ya mapafu, hospitalini huko Thika, amefunikwa shuka nyeupe na blanketi la serikali, na kila asubuhi uji wa moto. Watu aliowapeleka kambini walikuwa wakilala juu ya saruji tupu. Wengine walikuwa hawalali tena popote. Na yeye, lo, akakata roho huku nesi anamfuta jasho! Habari zilipofika Majengo, mtaa alikokaa, asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa Novemba mwaka wa hamsini na nne, hakuna aliyelia na hakuna aliyecheka. Kucheka siku zile kulikuwa hatari. Kulia nako kulikuwa hatari, maana jirani angetaka kujua unamlilia nani.

Ahmad alizipata habari hizo akiwa kwenye cherehani yake, barazani kwa duka la Mhindi. Mguu wake ukaganda juu ya pedali. Alikuwa Mkamba wa miaka hamsini na kitu, fundi wa nguo kwa riziki yake, na kwa watu wa Majengo imamu wa ule msikiti mdogo wa mabati. Walimwita Maalim. Jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa dua, Mungu amsamehe. Alijiuliza kwa nini mtu huyu hakufia mbali, Kisumu au Mombasa, akazikwa na wasiomjua.

Kwa sababu Gathogo alikuwa Mwislamu. Alisilimu zamani, alipokuwa taniboi, msaidizi wa dereva, katika malori ya Waswahili, akapewa jina la Idi ambalo hakuna aliyewahi kumwita nalo. Msikitini alionekana mara mbili kwa mwaka, siku za sikukuu, na pilau alikula kuliko waliofunga. Lakini maiti wa Kiislamu ni wa Waislamu, upende usipende. Ahmad ndiye angemwosha, amswalie, amtie kaburini.

Na Gathogo alikuwa nani? Ah, kila mtu alimjua, japo serikali ilihangaika sana asijulikane. Tangu serikali itangaze Emajensi, hali ya hatari, watu walikuwa wakipangwa mstari uwanjani, wapite mmoja mmoja mbele ya mtu aliyekalishwa kitini na kufunikwa gunia kutoka utosini mpaka magotini, limetobolewa matundu mawili ya macho. Gunia likitikisa kichwa, basi wewe umekula kiapo cha wapiganaji wa msituni, unapandishwa lori. Likitulia, unarudi nyumbani ukanywe maji. Wagikuyu walimwita Gakunia, yaani kigunia. Ati asijulikane! Mtu mwenye kikohozi kile, kikohozi kilichowaamsha Majengo nzima kabla ya adhana, unamvisha gunia asijulikane! Aliwatikisia kichwa waliokula kiapo, akawatikisia ambao hawakula, akamtikisia mtu aliyewahi kumnyima sigara. Mwezi wa Agosti alimtikisia kichwa Ndung'u.

Ndung'u alikuwa seremala, kijana mpole, mume wa Fatu, na Fatu alikuwa mtoto wa pekee wa Ahmad. Mama yake alikwisha kufa. Miezi mitatu Ndung'u alikuwa ndani ya kambi moja kando ya barabara ya Thika, na Fatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mara mbili Ahmad alikwenda kwa miguu mpaka kwenye lango la kambi na kikapu cha chakula. Mara mbili alifukuzwa, mara ya pili kikapu kikabaki kwa askari.

Saa nne hivi alikuja Wainaina. Huyu alikuwa mkubwa wa homugadi wa pale, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali, mtu mnene wa sauti ndogo, bunduki yake haimtoki begani hata akienda kunyoa.

"Habari ya kazi, Maalim?"

"Njema, bwana Wainaina."

"Gathogo amefariki."

"Nimesikia. Mungu amrehemu."

"Lori litamleta kesho asubuhi. Mtamswalia baada ya sala yenu ya Ijumaa." Wainaina akakaa juu ya kigoda cha wateja bila kukaribishwa. "Bwana Shauri atakuja mwenyewe. Unakumbuka mwaka jana alipokuja kumzika yule sajini Mnubi? Ulisimama ukawauliza watu swali."

Ahmad alikumbuka. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alisimama pembeni siku ile akisikiliza.

"Ukawauliza mnamshuhudiaje marehemu, mara tatu, na wote wakaitikia pamoja, mtu mwema. Bwana Shauri alilipenda sana lile. Anasema hata kanisani kwao hakuna kitu kama hicho. Sasa anataka Gathogo afanyiwe vivyo hivyo, kwa sauti, wachuma kahawa wote wataletwa wasikie. Karani ataandika." Akainuka, akaiweka bunduki sawa. "Karatasi ya kumtoa mkwe wako iko mezani kwa Bwana Shauri. Bado sahihi tu."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Angetabasamu, hofu ya Ahmad ingepungua.

Wainaina alidhani ni itikio tu, la kupigiwa makofi. Hakujua. Ahmad alifundishwa na mwalimu wake, na mwalimu wake na mwalimu wake, kwamba watu ni mashahidi wa Mungu hapa duniani. Maiti akishuhudiwa wema na majirani zake, neno lao linapokewa. Akishuhudiwa ubaya, linapokewa vilevile. Kwa miaka ishirini aliwauliza watu swali hilo juu ya walevi, juu ya wazinzi, hata juu ya yule mzee aliyeiba kuku wa kijiji kizima, na watu waliguna kidogo wakajibu mwema, kwani nani hana lake? Lakini Gakunia! Kusema mwema juu ya Gakunia, mara tatu, mbele ya jeneza lake, ilikuwa kumwangalia Mungu usoni na kumdanganya.

Akaendelea kukanyaga pedali na mawazo yakamzidi. Aliwajua waovu wa Maandiko mmoja mmoja, amewafundisha watoto miaka yote hiyo. Firauni alizama, na mwili wake ukaokolewa ili waliokuja baadaye wauone na waogope. Watu wake waliangamia, na wala mbingu wala ardhi haikuwalilia. Wengine walifutwa kabisa, mji wao ukabaki visima visivyotekwa maji. Kuna waliohifadhiwa waonwe na kuna waliosahauliwa. Lakini hakuna mahali, Ahmad aliyapekua yote kichwani, hakuna mahali ambapo mwovu alipangiwa safu akasifiwa mara tatu karani anaandika.

Alipoinua macho aliona ameshona mkono wa shati mahali pa kola.

Alasiri alikuja Nyawira, mama wa kanisa wa huko mashamba ya kahawa, mpole, kitambaa cheupe kichwani. Alileta yadi tatu za marikani.

"Fundi, nipime rinda."

Ahmad akachukua futi yake. Nyawira akanyoosha mikono, akawa anasema taratibu, macho yake yako barabarani.

"Katika Kitabu chetu kuna mfalme mmoja wa Yuda aliyewaua ndugu zake. Ugonjwa ukamla matumbo, akafa. Watu hawakumwashia moto wa heshima kama walivyowawashia baba zake. Alikwenda, na hakuna aliyemsikitikia. Walimzika, lakini si pamoja na wafalme."

"Ni habari nzito," Ahmad akasema.

"Kuna watu huko msituni wanaisoma pia." Akageuka apimwe mgongo. "Wamesikia kesho kuna swali. Wameniambia nikueleze kwamba hawana ugomvi na sala. Kila dini na sala yake. Lakini ulimi utakaosema mwema, wataufuata mpaka unapolala."

Futi ilimponyoka Ahmad ikaanguka. Akainama kuiokota, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka jasho jembamba lilikuwa linamshuka shingoni.

"Na rinda lenyewe," akauliza, "unataka lifike wapi?"

"Chini ya magoti," Nyawira akasema. "Nitalifuata Jumamosi."

Jioni, kabla ya kafyu kuwafungia watu ndani, Fatu alimwekea baba yake ugali na maharagwe, akakaa mbele yake na tumbo lake kubwa. Alikwisha kusikia. Majengo hakuna siri ya zaidi ya saa moja.

"Baba, ni neno moja tu."

"Si neno moja, ni shahada ya uongo."

"Mungu anajua umelazimishwa."

"Mungu anajua, ndiyo. Wale wa msituni je, nao wanajua?" Ahmad akausukuma ugali kando. "Nikwambie ukweli, mwanangu? Nawaogopa wao kuliko ninavyomwogopa Mungu, na hilo lenyewe linaniogopesha. Naogopa kila upande. Mzee mzima, natetemeka, tazama mkono huu."

Fatu aliutazama. Kisha akasema polepole, "Mimi namtaka mume wangu, baba. Useme au usiseme, mimi namtaka mume wangu." Akaondoa vyombo.

Lori lilifika Ijumaa asubuhi. Mwili ulishushwa nyuma ya msikiti, penye ua wa makuti ya kuoshea, na Ahmad akaingia na Sele. Sele alikuwa mwadhini, mzee mwembamba asiyejua kunyamaza. Hata maiti alikuwa akiwapigia soga.

"Haya Idi," Sele akasema akikoroga maji ya majani ya mkunazi, "leo unakoga kwa lazima. Sikukuu bado, lakini utaniwia radhi. Na kikohozi umekiacha wapi? Afadhali, tutalala." Akavuta shuka, akamgeuza maiti ubavu. Akanyamaza.

Mgongo wa Gathogo haukuwa na mahali pazima. Makovu yalipandana, ya zamani kidogo, ya mwaka mmoja au miwili. Mkono wa kushoto haukuwa na kucha hata moja.

Wote wawili walikumbuka kwa wakati mmoja. Mwanzo wa Emajensi Gathogo alipotea wiki tatu, akarudi amekonda, na watu wakasema amekwenda kula na Wazungu. Baada ya hapo ndipo gunia lilipoanza kukaa kitini.

"Kumbe naye," Sele akanong'ona, "kumbe naye walimtia—"

"Nyamaza!" Ahmad akasema. "Tunachokiona hapa kinabaki hapa. Mwosha hatoi siri ya maiti, au umesahau? Mimina maji."

Sele akamimina. Ahmad akaosha, kulia kwanza, mara tatu. Hakumwonea Gathogo huruma, au kama alimwonea ilikuwa kidogo. Alikuwa anamwona Ndung'u. Wiki tatu zilimfanya Gathogo kuwa Gakunia. Ndung'u alikuwa mle ndani mwezi wa tatu sasa. Basi, akasema moyoni huku anafunga sanda, nitasema. Nitasema mwema hata mara thelathini, mtoto wa watu atoke mle. Wa msituni waje.

Baada ya sala ya Ijumaa jeneza likatolewa uani. Wanaume kama arobaini walijipanga safu tatu. Homugadi walizunguka na bunduki zao. Bwana Shauri alisimama pembeni, kijana mwekundu wa uso, kofia mkononi, ana adabu zake, na karani wake kando yake ameshika daftari. Nje ya seng'enge wachuma kahawa walikuwa wamesimamishwa tangu saa tano, na Ahmad hakuhitaji kutafuta sana, Nyawira alikuwa mbele, kikapu mgongoni.

Na ndani ya lango, chini, miguu amenyoosha, alikaa bibi kizee mmoja. Huyu alikuwa Wamboi, mama yake Gathogo, ametoka Theta kwa miguu. Hakuwa Mwislamu. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa Waislamu wanawake hawaji kwenye jeneza, na alipofika hakuna aliyethubutu kumwondoa. Walimpitia tu kando, macho juu.

Ahmad alimswalia maiti. Takbira nne. Akatoa salamu, akageuka kuwakabili watu. Bwana Shauri alimtazama akatikisa kichwa kumpa ruhusa, na Ahmad nusura aanguke, maana mwaka huo mzima hakuna mtu wa Ruiru aliyeweza kuona kichwa kinatikiswa asishtuke.

"Ndugu zangu," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mnamshuhudiaje marehemu?"

Kimya. Hata watoto wachanga wa wale wachuma kahawa walinyamaza. Sele, aliyekuwa safu ya mbele na ambaye siku zote ndiye anayeanzisha jibu, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mnamshuhudiaje marehemu?"

Mtu mmoja akasafisha koo. Watu wakageuka haraka kumwona, na yeye akaonyesha koo lake kwa kidole, kwamba ni kamasi tu, hana neno. Wainaina alikuwa amekunja ndita. Ahmad alijua ya tatu ikipita hivi ni yeye mwenyewe atakayejibu, peke yake, na alikwisha kuvuta pumzi.

Hapo Wamboi akainuka. Alijizoa kwa shida, akajipangusa vumbi, akasema kwa Kigikuyu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto:

"Mnauliza na hakuna anayejibu. Mtoto wa mtu haachwi hivyo bila neno. Mimi ndiye niliyemzaa, nitajibu mimi. Alikuwa mbaya. Aliwamaliza watoto wa wenzangu, na mimi mtoni sisalimiwi. Nilimwambia aache, akanionyesha mikono yake akalia, na asubuhi akaenda tena. Alikuwa mbaya, na ni wangu. Sasa mzikeni, nina safari."

Kwa yule mama lilikuwa swali kama swali lolote. Wazee wameuliza, mwenye jibu amejibu. Hakujua kwamba jibu lake hupangwa kabla ya kuulizwa.

Lo, ule uwanja! Kila mtu pale alielewa. Wagikuyu walielewa, Wakamba wakaelewa, Sele mwenyewe aliyezaliwa Tanga alielewa. Asiyeelewa alikuwa mmoja tu, Bwana Shauri, ambaye alikuwa na Kiswahili cha ofisini na Kigikuyu hana kabisa. Wainaina akafungua mdomo amtafsirie. Lakini Bwana Shauri akamzuia kwa mkono.

"Hapana wewe. Maalim ni mtu ya Mungu, yeye tasema." Akamgeukia Ahmad kwa upole. "Mama nasema nini?"

Ahmad hakujua kwamba hofu inaweza kumfanya mtu asikie damu yake mwenyewe masikioni. Akamwona Nyawira na kikapu chake. Akamwona Wainaina. Nyuma ya kiambaza cha nyumba ya jirani akaliona vazi la Fatu, na akajua amesimama pale tangu mwanzo.

"Anasema alikuwa mwema, bwana."

"Mwema?"

"Mwema, bwana."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, bwana."

Bwana Shauri akafurahi, tena akaguswa, ukamwona anameza mate. Mama wa watu, mzee hivi! Akamwambia karani aandike, na karani, aliyekuwa Mgikuyu wa Githunguri, akainamisha uso mpaka pua inakaribia daftari, akaandika. Wainaina alimtazama Ahmad kwa muda. Kisha akafunga mdomo wake taratibu, asiseme kitu. Ahmad alidhani ni huruma. Alimshukuru Mungu kwa huruma ile njia nzima ya makaburini.

Wakamzika Gathogo, wakasawazisha udongo, wakatawanyika haraka. Wamboi alirudi Theta kwa miguu yake. Jumamosi Nyawira alifuata rinda lake, akalijaribu juu ya nguo, akasema limemkaa.

"Na wale?" Ahmad akauliza.

"Wanasema hukushuhudia, ulitafsiri. Wengine wanasema ni yale yale." Akalikunja rinda. "Bado wanabishana, fundi. Usitoke toke jioni."

Jumatatu, saa nane mchana, Ndung'u alitokea barabarani amebeba nguo zake ndani ya karatasi. Fatu alipiga vigelegele peke yake, kwa maana majirani walisikia wakafunga madirisha. Alimshika mumewe uso, akamshika masikio, akacheka na kulia, akakimbilia jikoni kupika wali, na wali nyumba ile haukupikwa tangu Agosti. Ahmad alisimama mlangoni na machozi yanamtiririka. Akajiambia, basi, uongo wangu ndio huu, umeniletea mtoto nyumbani, Mungu atanihukumu lakini mtoto yuko nyumbani.

Ndung'u hakumwangalia usoni.

"Baba, njoo huku nyuma kidogo."

Wakaenda penye kuni. Ndung'u akakaa juu ya gogo, akainuka, akakaa tena.

"Umeonewa huruma, mwanangu," Ahmad akaanza. "Bwana Shauri alitia sahihi—"

"Alitia sahihi Jumatano, baba."

"Jumatano ipi?"

"Jumatano ile. Gathogo alikuwa bado anapumua. Daktari aliwaambia hataweza kukaa tena kitini. Wakahitaji mtu." Ndung'u akaikwaruza ile karatasi ya nguo. "Niliwakatalia miezi miwili. Wa tatu nilishindwa. Usiniulize walinifanyaje."

Ahmad hakuuliza. Aliuona tena ule mgongo uliokuwa juu ya ubao wa kuoshea, kila kovu.

"Kwa hiyo utavaa gunia."

"Kesho. Hapa hapa Ruiru, uwanjani."

"Utamtikisia nani?"

Kutoka jikoni Fatu alikuwa anaimba, na sufuria zinagongana kwa furaha. Ndung'u aliusikiliza wimbo mpaka ukaisha.

"Wamenipa wawili wa lazima. Wa kwanza ni mama yake Gathogo. Wainaina ameyapeleka maneno yake yote, kila neno, kwa wakubwa wake walioko Thika." Hapo akaikunja ile karatasi. "Wa pili ni aliyemtafsiria Bwana Shauri."

Kuku walikuwa wanachakura miguuni pao. Ahmad aliogopa, na hii haikuwa hofu ya siku nne zilizopita, ile ya kutetemeka. Hii ilikuwa nzito, ilimkaa tumboni ikatulia. Wapi angekimbilia? Barabara ina askari, msituni wanabishana juu ya ulimi wake, na ndani mna mtoto mwenye mimba ya miezi saba anayepika wali.

"Na ukikataa?"

"Watanirudisha. Safari hii sitafika kambini."

"Basi mimi nitikisie."

"Baba!"

"Nitikisie kichwa, nakwambia!" Ahmad alimshika bega, akamtikisa, akaishusha sauti. "Nimesimama mbele ya maiti nikadanganya kwa ajili yako, na sasa unaniambia uongo wangu ulikuwa wa bure, wewe ulishalipiwa Jumatano. Haya. Ukifa na wewe nitakuwa nimefanya nini? Mimi nitikisie. Lakini yule mama mruke. Sema jua lilikupiga, sema gunia liligeuka ukaona giza. Pale uwanjani tulikuwa watu mia tatu, na aliyesema kweli alikuwa yeye tu."

Ndung'u alikuwa analia, kichwa katikati ya magoti.

"Wakijua nimemruka?"

"Basi tutapanda lori moja, mimi na wewe."

Fatu akaita kutoka jikoni kwamba wali umeiva, waje kabla haujapoa, na mbona wanaume wana mengi ya kusemezana huko nyuma.

"Tunakuja, mama," Ahmad akajibu. Akavua kofia yake, akamfuta nayo mkwe wake machozi, shavu hili na shavu hili. "Inuka ukale. Mkeo ana furaha leo, tusimwambie kitu mpaka kesho."

Wakaingia ndani. Ahmad akanawa mikono, akaketi mbele ya ule wali.